Kaka Alilipa, Dereva Akanyamaza

Simu ya kwanza haikutoka kwa mteja. Hapa Nakuru huwa hivyo mara nyingi: anayepiga ni mke wa mtu, mama yake, mchungaji au mwajiri. Safari hii alikuwa kaka mtu.

"Daktari, nina ndugu yangu hapa, kichwa kimechoka. Nataka umshughulikie arudi barabarani. Mambo ya pesa yasikusumbue."

Nilimwambia mimi si daktari, ni mshauri nasaha. Akasema sawa, daktari. Nilipomtajia ada yangu, shilingi 2,000 kwa kikao cha dakika 50, alituma 8,000 kwa M-Pesa kabla hatujaagana. Vikao vinne vikawa vimelipiwa na mtu ambaye hangekaa kwenye kile kiti hata mara moja, kwa ajili ya mtu ambaye sikujua hata kama ameshaambiwa kwamba nipo. Kisa hiki kilianza kwenda kombo hapo hapo, ingawa ilinichukua majuma kadhaa kuliona hilo.

Huyo mdogo wake nitamwita Dereva. Ameniruhusu niandike, na nimebadilisha mambo ya kutosha hata jirani yake akisoma asimtambue. Ambacho sikubadilisha ni kosa langu.

Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mume na baba wa watoto watatu, mtu wa trela za Mombasa hadi Malaba kwa miaka tisa. Usiku mmoja wa mvua alikuwa akirudi kutoka Malaba. Yeye na taniboi wake (utingo, wasemavyo vitabuni, ila sijamsikia dereva wa huku akilitamka) walikula Mau Summit, kisha wakaanza kuteremka. Kabla ya kufika Salgaa tairi la nyuma likapata pancha. Akaegesha kando, akamwambia kijana ashuke akate matawi ayapange barabarani nyuma ya gari ili wanaokuja waone. Lori jingine likateremka bila breki. Kijana alikuwa na miaka 22.

Anayeijua barabara ile hahitaji maelezo. Kwa asiyeijua, ni mteremko mrefu kutoka Mau Summit kupitia Migaa na Sachang'wan hadi Salgaa, na wapo madereva wanaouteremka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta. Breki zikishika moto, hakuna tena kinachoizuia gari. Januari 2009 zaidi ya watu 100 waliteketea Sachang'wan wakichota mafuta ya lori la tangi lililopinduka. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Nayataja haya kwa sababu Dereva aliyajua yote na alikuwa ameyapita yote. Hofu yake haikuwa ya kubuni, na mshauri ambaye angemwambia "usiogope, ni salama" angekuwa anamdanganya.

Alifika kwangu miezi mitano baada ya ajali. Kaka yake alimleta hadi mlangoni na kuuliza kama anaweza kuingia "asikie mnavyosema." Nilikataa kwa upole. Nikajiona nimefanya kazi nzuri.

Dakika kumi za kwanza za kila mteja mpya nazitumia kusema mambo yale yale. Kwamba yasemwayo humu yanabaki humu, ila nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini, au mtoto anaumizwa, au mahakama ikiniagiza. Kwamba naandika muhtasari mfupi na faili linafungiwa kabatini. Kwamba siandiki dawa. Ikihitajika dawa nitakupeleka kwa daktari wa akili. Kwamba unaweza kusema "leo hapo sitaki" na sitakulazimisha. Kisha anatia sahihi. Tangu Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya 2014, kazi hii ina bodi na utaratibu wake, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye kundi la data nyeti. Dereva alisikiliza yote, akatia sahihi, na kwa dakika arobaini zilizobaki alijibu ndiyo na hapana.

Kikao cha pili ndipo picha ilipojitokeza. Halali zaidi ya saa tatu. Mvua ikinyesha juu ya mabati, anatoka nje na kusimama uani hadi ikatike. Mlio wa breki za upepo, ule wa "pshii" ambao sisi wengine hatuusikii tena, unamtupa chini kihalisi. Siku moja alilala kifudifudi kando ya duka mchana kweupe, watu wakadhani amelewa. Anazunguka vichochoro ili asiivuke barabara kuu. Hajaushika usukani tangu siku ile. Mkewe anasema anamwangalia kama mtu anayetazama ukuta. Pombe kali ilikuwa imeanza kuingia, "kidogo tu ya usingizi."

Huwa natumia orodha ya maswali 20 ya kupima athari za kiwewe, kila swali linapewa 0 hadi 4, jumla 80. Ukifika 31 hadi 33 na kuendelea, kuna haja ya kuchunguza kwa kina. Yeye alipata 58. Kwenye maswali tisa ya kupima sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, alipata 17 kati ya 27, na swali la tisa, linalouliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru, alilikawiza. Akauliza kwanza kama jibu linaweza kumpeleka polisi. Alikuwa amesikia watu wakishtakiwa kwa kujaribu kujiua, na hakukosea kusikia. Kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kilikuwa kikisema hivyo mpaka Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Nikamweleza. Ndipo akasema huwa anawaza ingekuwa heri lori lingemchukua yeye, lakini hana mpango wowote wa kujidhuru. Tulikaa na jambo hilo hadi mwisho wa kikao: nani nyumbani anajua, usiku atampigia nani, na ile chupa itakaa kwa nani. Akachagua shemeji yake. Juma hilo pia nilimtuma kwa daktari wa akili, na akaanzishiwa dawa.

Kikao cha tatu kilikuwa kifupi na kizuri, akacheka mara moja. Jioni ile kaka yake akaniandikia kwenye WhatsApp: "Habari daktari. Anaendeleaje?"

Nilikuwa jikoni. Nikajibu: "Anaendelea vizuri. Tuwe na subira."

Sikulala vibaya usiku ule. Niliona ni adabu tu, mtu amelipa, ameuliza kwa heshima, na sikutoa siri yoyote. Juma lililofuata Dereva hakuja. La pili pia hakuja. Nilipompigia hakupokea, kisha ukaingia ujumbe mmoja: "Madam nilidhani uko upande wangu."

Kilichotokea nilikuja kuambiwa baadaye. Lori lile ni la kaka yake. Lilinunuliwa kwa mkopo wa benki, likatengenezwa baada ya ajali kwa deni jingine, na lilikuwa limesimama yadi tangu litoke gereji kwa sababu kaka mtu hamwamini dereva mwingine. Jibu langu lilipoingia, alimwonyesha mdogo wake simu: "Daktari mwenyewe amesema uko vizuri. Jumatatu unachukua gari." Maneno yangu matano yakawa cheti cha kurudi kazini.

Nilipeleka kisa kwa msimamizi wangu. Kwa wasiojua, mshauri naye ana mtu anayemkalisha chini na kumuuliza maswali. Asiye naye, mwogope. Hakunikaripia. Aliniuliza swali moja: "Mteja wako ni nani?" Nikasema Dereva, bila kusita. Akasema, "Basi mbona ripoti ulimpa mwingine?" Nilitaka kubisha kwamba ile si ripoti. Lakini "anaendelea vizuri" ni ripoti kamili: inathibitisha kwamba anakuja, inatoa hukumu juu ya hali yake, na inamkabidhi hukumu hiyo mtu mwenye haja nayo. Halafu haikuwa hata kweli. Mtu wa 58 kati ya 80 haendelei vizuri kwa sababu amecheka mara moja.

Kuna jambo jingine alilonionyesha, nalo lilinichoma zaidi. Kaka mtu alikuwa ameweka lengo la matibabu kwenye simu ya kwanza kabisa, arudi barabarani, nami nikalibeba bila kumuuliza mwenyewe kama ndilo lake. Kwenye muhtasari wangu wa kikao cha kwanza niliandika "lengo: kurejea kazini." Nimelisoma mara nyingi lile faili. Dereva hakuwahi kusema hivyo.

Nilimpigia tena na safari hii akapokea. Sikumpa sababu. Nilimwambia nilimjibu kaka yake, sikupaswa kumjibu, na kilichompata baada ya hapo kimetokana na mimi. Kimya kirefu. Kisha akauliza, "Na pesa zake?" Swali zuri kuliko yote niliyokuwa nimejiuliza. Kulikuwa na salio la kikao kimoja. Nikasema namrudishia, na tangu sasa atalipa yeye mwenyewe kiasi anachoweza. Akasema anaweza 500, mkewe anauza mitumba. Tukakubaliana 500. Nikatuma zile 2,000 kwa kaka mtu na simu yangu ikaita kabla sijaiweka mezani.

Wapo wenzangu ambao hawakukubaliana nami. Mmoja alisema nimemkosesha mteja ada kamili kwa ajili ya dhamiri yangu, na mwingine akasema huku kwetu mgonjwa ni wa jamaa nzima, na kumkata kaka mtu ni kuiga mambo ya kigeni. Huyu wa pili nilimsikiliza zaidi. Ni kweli: bila kaka mtu, Dereva asingefika kwangu kamwe. Mtu aliyemtafutia msaada wakati wengine wanasema karogwa si wa kufukuziwa mlangoni. Kwa hiyo nilimuuliza Dereva kama angetaka kaka yake aje, kwa masharti yake yeye. Alifikiri juma zima. Akarudi na karatasi yenye mambo matatu ambayo yangeruhusiwa kusemwa.

Kikao kile cha watatu kilichukua saa moja na nusu. Kaka mtu alianza na mkopo, kiasi cha kila mwezi, tarehe ya kulipa, simu za benki. "Benki haijui mambo ya kiwewe, daktari." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala, na nakumbuka kuliona hilo na kuliweka kando. Dereva akaikunja ile karatasi bila kuisoma. Akasema, "Kaka, mimi ndiye nilimtuma yule mtoto akakate matawi." Kaka mtu hakuwa amejua. Miezi sita walikuwa wamezungumza juu ya gari, bima na polisi, na hilo halikuwahi kutamkwa. Hakuna aliyelia. Kaka mtu aliivua saa yake ya mkono, akaivaa tena, akasema lori litakaa.

Likakaa majuma manne tu, kisha akalitafutia dereva mwingine. Hiyo nayo ni sehemu ya tiba ambayo mimi sikuifanya.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda. Kwa mtu mwenye athari za kiwewe kuna njia kadhaa zilizothibitika. Mimi nimefunzwa ile ya kumrudisha mtu kidogo kidogo kwenye anachokikwepa, huku tukizipekua fikra zilizomnasa. Ugumu uko katika kumshawishi mtu mwenye akili timamu aiendee hofu yake. Nilijaribu mchoro wangu wa ubongo wa siku zote, akautazama kama kalenda ya mwaka jana. Nikauacha na kumuuliza yeye: mteremko mkali unateremkwaje? Akawa mwalimu. Asiyejua, alisema, anakanyaga breki njia nzima. Zinapata moto, zinaisha nguvu, na pale zinapohitajika hasa hazipo. Anayejua anaingiza gia ndogo tangu juu, injini ndiyo inalishika gari, breki anaigusa tu. Nikamuuliza yeye ameteremka vipi hii miezi yote. Akanyamaza, akatabasamu upande mmoja. "Nimekanyaga breki tu." Hatukurudia tena kuuchora ubongo.

Hatia ndiyo iliyokuwa nzito. Nilitoa maharagwe 30 kutoka jikoni kwangu, nikamwomba ayagawe kulingana na nani alisababisha kifo kile. Akayasukuma yote thelathini upande wake. Sikubishana. Nilimwomba tu ataje kila kilichokuwepo usiku ule: mvua, giza, pancha, tairi ambalo mwenye gari alikuwa ameambiwa limechakaa, dereva wa lile lori jingine, mwenye lori lililotoka bila breki nzuri, barabara isiyo na nafasi ya kuegesha. Kila kilichotajwa kikapata maharagwe, polepole, kama mtu anayelipa deni lisilo lake kwa uchungu. Mwisho alibaki na manne. Nilitamani abaki na sifuri, na nilikaribia kumsukuma. Nashukuru sikufanya hivyo. "Haya ni yangu," alisema. "Ningeshuka mimi." Nikamuuliza, angeshuka yeye, nani angebaki kwenye usukani gari likianza kuteleza? Hakunijibu siku hiyo, wala mimi sikumdai jibu. Yale manne aliyatia mfukoni akaondoka nayo.

Kukabili hofu tulikupanga kama ngazi, kila kidato akikipa alama kati ya 0 na 100. Kusikiliza mlio wa breki za upepo niliourekodi kwa simu: 45. Kukaa ndani ya lori lililoegeshwa na kuzimwa: 60. Matatu hadi Ngata: 65. Matatu hadi Salgaa: 85. Juu kabisa, 100, aliandika neno moja tu, "kwao." Nikadhani anamaanisha mahali pa ajali. Alimaanisha nyumbani kwa kijana, upande wa Bungoma. Hakwenda mazishini, alimwogopa mama wa marehemu kuliko alivyouogopa mteremko, na kufika huko lazima apite Salgaa, Sachang'wan, Migaa, yote.

Lengo lake lilikuwa hilo, na lilikuwa limekaa kwenye karatasi bila mimi kuliona. Hakutaka kurudi barabarani ili aendeshe. Alitaka aweze kupita barabarani ili afike kwa yule mama.

Vidato vya chini vilichukua majuma sita. Mlio wa breki tuliusikiliza hadi akachoka nao. Sharti ni kutoondoka wakati hofu iko juu, unakaa nayo hadi ishuke yenyewe, na kwake siku ya kwanza ilichukua dakika 35. Kwenye lori lililoegeshwa alitapika mara moja. Siku ya Salgaa tulipanda matatu pamoja, mimi kiti cha nyuma yake, bila kumsemesha, na tuliposhuka alinunua mahindi ya kuchoma mawili akanipa moja. Kwa desturi sipokei vitu vya wateja. Nilikula lile hindi.

Safari ya Bungoma alikwenda na kaka yake. Mimi sikwenda, na sikupaswa kwenda. Alibeba sukari, unga na blanketi. Aliponisimulia hakueleza sana njia, alisema tu kwamba Migaa aliomba gari lisimame, wakashuka, akaweka yale maharagwe manne kando ya barabara, wakapanda. Alichokieleza kwa urefu ni yule mama. Alikuwa amejiandaa kwa laana. Mama alimkaribisha chai, akamwacha aseme yote hadi mwisho, kisha akauliza: "Siku ile, mwanangu alikuwa amekula?" Akamwambia ndiyo mama, chapati mbili na maharagwe, Mau Summit, na alicheka sana kwa sababu mwenye hoteli alimwita mzee. Mama akaomba arudie hapo pa kucheka.

Tulimaliza kwa kikao cha 14. Alama zake kwenye yale maswali 20 zilikuwa 24, na mvua bado humwamsha. Trela hakurudia. Anaendesha kanta (lori dogo) ya viazi kutoka Molo, mchana tu, na mteremko anauteremka kwa gia ndogo. Kaka yake hakupendezwa, akakubali.

Mwezi uliofuata kaka mtu alinipigia. Nilijiandaa kumwambia amuulize mwenyewe. Lakini hakuuliza juu ya mdogo wake. Alisema lori ameliuza kwa hasara, hapati usingizi, na anataka kujua kama naweza kumpa nafasi. Nikamweleza kwa nini siwezi kumpokea yeye baada ya kumpokea mdogo wake, na nikampa namba ya mwenzangu wa Milimani. Akaandika namba. Kisha akauliza kama huyo mwenzangu naye ni wa kutojibu watu wa nyumbani.

Nikamwambia ndiyo, hata salamu hajibu.

"Sawa, daktari," akasema. "Huyo anifaa."